Tovuti ya Biashara Ndogo Ipangwe Kwenye Daftari Kwanza

Mwenye biashara ndogo akimwendea mtengenezaji wa tovuti, mara nyingi mazungumzo huanzia kwenye rangi, nembo na tovuti za wengine zilizompendeza. Hayo yangeweza kusubiri. Kinachoamua kama tovuti italeta wateja hakihitaji kompyuta mwanzoni: ni maswali ambayo wateja huuliza, majibu yaliyoandikwa vizuri, na jina la nani limeandikwa kwenye umiliki. Haya yakikaa sawa, hata tovuti ya sura ya kawaida hufanya kazi yake. Yakikosekana, rangi nzuri haziokoi kitu.

Chukua daftari. Kwa wiki mbili andika kila swali analouliza mteja, awe amepiga simu, ametuma ujumbe au amesimama mbele yako. Liandike kama alivyolitamka. Mteja hasemi, "Je, mnatoa huduma za ukarabati wa vifaa vya kielektroniki?" Anasema, "Mnabadilisha kioo cha simu? Nikiiacha leo naipata lini?" Maneno hayo hayo ndiyo atakayoyaandika kwenye injini ya utafutaji, kwa hiyo ukiyageuza yawe ya kiofisi unaipunguzia tovuti nafasi ya kuonekana. Baada ya wiki mbili utaona maswali matano hadi manane yanajirudia kuliko mengine yote. Tovuti yako ni majibu ya maswali hayo.

Yagawe kwanza. Kuna maswali ya kabla ya kununua, kama bei, muda na ubora, na kuna ya baada ya kununua, kama "mzigo wangu umefika wapi" au "ikiharibika nafanyaje". Fungu la pili lipewe ukurasa wake. Yakichanganywa, mgeni anajikuta anasoma masharti ya kurudisha bidhaa kabla hajajua unauza nini.

Halafu amua mgeni akishasoma afanye nini. Apige simu? Atume ujumbe? Aweke miadi? Alipe papo hapo? Chagua tendo moja liwe kuu, lipewe kitufe chenye rangi yake kinachoonekana kila ukurasa. Tendo la pili linaweza kuwepo kwa umbo dogo. Ukurasa wenye vitufe vitano vyenye uzito sawa humwachia mgeni kazi ya kuchagua, na wengi huondoka bila kubonyeza chochote.

Hapa ndipo wengi hukimbilia duka la mtandaoni. Fikiri vizuri kabla ya kulitaka. Duka la kweli lina hesabu ya stoo inayopaswa kulingana na rafu zako kila siku, gharama za usafirishaji kwa kila eneo, malipo yanayokwama nusu njia, na mizigo inayorudishwa. Kama bidhaa zako hazifiki ishirini, au kama kila oda inahitaji maelewano ya vipimo na bei, orodha yenye picha, bei na kitufe cha kutuma ujumbe inatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza. Duka litaongezwa pale oda za ujumbe zitakapokuzidi nguvu.

Maandishi yatangulie sura

Ningechagua kanuni moja tu ya kusisitiza katika makala hii, ingekuwa hii: maandishi yote yakamilike kabla ya mbunifu kuanza kuchora. Kazi nyingi huenda kinyume. Mbunifu huchora kurasa na kuzijaza maneno ya kujazia nafasi, vichwa vya maneno matatu na picha safi za kununua. Mwenye biashara anaona, anafurahi, anakubali. Kisha maandishi halisi yanafika: kichwa kina maneno kumi na moja, maelezo ni mara mbili ya nafasi iliyotengwa, na picha zilizopo ni za wima wakati mahali pake ni pa mlalo. Mchoro unavunjika na kazi inaanza upya. Au, jambo ambalo ni baya zaidi, maandishi hayafiki kabisa, na tovuti inakaa miezi ikimsubiri mwenyewe apate muda wa kuandika ukurasa wa "Kuhusu sisi".

Kwa kila ukurasa fungua waraka wa kawaida na uandike: ukurasa huu unajibu swali gani, kichwa chake, maandishi yake, picha zinazohitajika, na kitufe cha mwisho kinampeleka mgeni wapi. Biashara nyingi ndogo hazihitaji zaidi ya kurasa tano hadi nane: mwanzo, huduma kuu kila moja na ukurasa wake, bei, kuhusu, mawasiliano.

Kwa nini kila huduma iwe na ukurasa wake? Kwa sababu injini ya utafutaji humpa mtu ukurasa, haimpi tovuti nzima. Ukurasa mmoja uliobeba huduma sita hauwi jibu bora la yoyote kati ya hizo sita. Lakini usigawe hadi upate kurasa zenye sentensi tatu tatu. Kama huna la kusema kuhusu huduma hiyo, bado haijastahili ukurasa.

Ukurasa wa huduma uliokamilika hueleza kinachofanyika, kinachojumuishwa, kisichojumuishwa, muda, bei au kinachopandisha na kushusha bei, mteja alete nini, na kazi ikiharibika mtafanya nini. Hicho kipengele cha "kisichojumuishwa" wengi hukiogopa, na kumbe ndicho kinachokata ugomvi mapema. Yote hayo yakiandikwa kwa Kiswahili cha kawaida huja maneno 300 hadi 500, na hakuna sababu ya kuyarefusha.

Kuhusu bei, ushauri wangu ni mmoja: ziweke. Kama kila kazi ina bei yake, andika "kuanzia" na utoe mifano miwili ya kazi halisi na gharama zake. Mgeni asiyeona bei hudhani ni ghali, au hufungua tovuti ya jirani. Na simu zitakazopungua ni zile za watu ambao wasingenunua.

Ukurasa wa mwanzo una kazi ngumu kuliko zote. Kinachoonekana kwenye skrini ya simu kabla ya kushusha chini lazima kiseme unafanya nini, kwa nani, uko wapi au unahudumia eneo gani, na kitufe kiwepo. "Karibu kwenye tovuti yetu" ni nafasi iliyopotea. "Suluhisho bora kwa mahitaji yako" ni hivyo hivyo, maana inaweza kuandikwa na kinyozi, fundi bomba na benki. Linganisha na hii: "Tunashona sare za kazi kuanzia vipande 10, tunakabidhi ndani ya siku 14." Msomaji amejua kama yuko mahali pake kwa sekunde tatu.

Usisahau maandishi mawili yasiyoonekana ndani ya ukurasa: kichwa cha utafutaji na maelezo mafupi yanayotokea chini yake kwenye matokeo. Kichwa kikizidi herufi 60 hivi hukatwa. Maelezo, kama 155. Kila ukurasa uwe na yake. Ni kawaida kukuta tovuti nzima ina kichwa kimoja, "Mwanzo", na mwenyewe anashangaa kwa nini haonekani.

Picha, na uzito wa ukurasa

Picha za kazi yako halisi, zilizopigwa kwa simu, zina thamani kuliko picha za kununua za watu wanaotabasamu ofisini. Futa lenzi, panga kitu karibu na dirisha ili mwanga uje kutoka upande, zima mwanga wa kamera, piga za mlalo na za wima zote mbili.

Kosa linafuata pale zinapopakiwa zilivyo. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina upana wa pikseli 4,000 hivi na uzito wa megabaiti 3 hadi 5. Weka kumi, ukurasa umefika megabaiti 40, na mteja anayelipia data anakulipia uzembe huo. Kwa picha inayojaza upana wa skrini, pikseli 1,600 zinatosha. Kwa picha iliyo ndani ya maandishi, 800. Hifadhi kwa muundo wa faili la picha uitwao WebP, au ule wa JPEG wenye ubora wa 75 hadi 80, na lenga kila moja iwe chini ya kilobaiti 200. Nembo iwe SVG, muundo unaochora kwa mistari badala ya pikseli, kwa kuwa haipotezi ukali ikikuzwa. Pia hakikisha programu unayotumia kupunguza picha inafuta taarifa za mahali: simu nyingi huandika ndani ya faili sehemu hasa picha ilipopigwa, na kwa anayefanyia kazi nyumbani hiyo ni anwani yake iliyowekwa hadharani.

Orodha ya bei isiwe picha, wala faili la PDF. Kwenye simu msomaji hulazimika kuvuta na kusogeza, injini ya utafutaji haiisomi vizuri kama maandishi ya ukurasa, na bei moja ikibadilika unarudi kwa mbunifu.

Google ina vipimo vitatu vya uzoefu wa mtumiaji ambavyo mwenye biashara anaweza kumtajia mtengenezaji bila kujua programu: kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na kipimo cha vitu kurukaruka wakati ukurasa unafunguka kisizidi 0.1. Hicho cha pili kilichukua nafasi ya kipimo cha zamani Machi 2024. Wanaoviharibu wanajulikana: picha zinazojibadilisha zenyewe juu ya ukurasa, video inayojicheza, aina nne za fonti, vidirisha vya mazungumzo, na picha zisizotajwa upana na urefu, ambazo zikifika husukuma maandishi chini na kumfanya mtu abonyeze kisicho chake. Picha zinazojibadilisha zenyewe zikatae tangu mwanzo. Picha ya pili na ya tatu huonwa na wachache, na uzito wake hulipwa na wote.

Pima kwa simu ya bei ya chini yenye miaka kadhaa, data ya simu ikiwa imewashwa na waifai imezimwa, ukiwa nje kwenye jua. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe yanayopendeza ofisini hayasomeki pale. Kiwango cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazoweza kutumiwa na watu wote, kinataka tofauti ya angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake, na kuna vipimio vya bure vya kuhakikisha hilo.

Jina, seva na barua pepe

Mali bila daftari hupotea bila habari, na domeni, yaani jina la anwani ya tovuti yako, ni mali. Inunue mwenyewe, kwenye akaunti yako, kwa jina la biashara au lako. Usikubali mtengenezaji aisajili kwa jina lake "ili kurahisisha". Siku mkikosana, au akibadili kazi, au simu yake isipopatikana, jina lililo kwenye mabango na risiti zako liko mikononi mwake.

Jina lenyewe litamke kwenye simu na umwombe mtu aliandike. Akiuliza "kwa herufi gani?" au "kuna kistari?", tafuta lingine. Epuka tarakimu na vistari hata kama vinaruhusiwa.

Barua pepe ya akaunti ya domeni isiwe ya domeni hiyo hiyo. Domeni ikiisha muda, barua pepe zake hufa pamoja nayo, kwa hiyo taarifa za kukukumbusha hazifiki, na hata ukitaka kubadilisha nenosiri, kiungo kinatumwa kwenye sanduku lililofungwa. Tumia anwani ya kawaida ya nje, washa uthibitisho wa hatua mbili, na uwashe malipo ya kuihuisha domeni yanayojilipa yenyewe, huku ukikumbuka kwamba kadi ya benki nayo huisha muda. Kwa domeni za .com, msajili (kampuni iliyokuuzia domeni) anaweza kukupa muda wa neema hadi siku 45 baada ya kuisha, ingawa tovuti inaweza kuzimwa mapema zaidi. Kisha kuna siku 30 za kuikomboa kwa ada nzito, siku 5 za kusubiri kufutwa, na baada ya hapo yeyote anaweza kuichukua. Domeni za nchi zina taratibu zake, zisome kwa msajili. Na uangalie bei ya mwaka wa pili, si ya kwanza tu; ofa ya mwanzo mara nyingi ni chambo.

Nafasi ya seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, inunue pia kwa jina lako, na ikiwezekana kwa kampuni tofauti na iliyosajili domeni. Hapo ukichoshwa na seva unahamisha tovuti na kubadili rekodi chache za DNS, mfumo unaoelekeza domeni kwenye seva yake, basi. Lakini hapa pana shimo ambalo hata wenye uzoefu hutumbukia: mtengenezaji anabadilisha seva za majina, zile zinazotunza rekodi hizo, ili domeni ielekee kwenye tovuti mpya, na rekodi za MX zinazoelekeza barua pepe zinabaki kwenye seva za majina za zamani. Tovuti inafunguka vizuri, kila mtu anashangilia, na barua pepe za wateja zinaacha kufika. Kabla ya mabadiliko yoyote nakili rekodi zote zilizopo, zipakue hata kwa picha ya skrini. Siku moja kabla, shusha TTL, muda ambao rekodi hukumbukwa kabla ya kuulizwa upya, hadi sekunde 300 ili mabadiliko, au marekebisho ya kosa, yasambae haraka.

Kuhusu chombo cha kujengea, swali la kuuliza ni nani atakayebadilisha bei miezi sita ijayo. Kama ni wewe na hutaki kushughulika na matengenezo, huduma ya kujenga kwa kuburuta vipande kwa ada ya kila mwezi inafaa, ukijua kwamba ukihama utabeba maandishi na picha lakini si sura. WordPress, programu ya kuendeshea tovuti iliyopo tangu 2003, inahamishika popote na watu wa kuijua ni wengi, ila inataka masasisho ya mara kwa mara. Uvamizi mwingi hupitia programu-jalizi (vipande vya kuongeza uwezo) zilizozeeka na manenosiri dhaifu. Kurasa za HTML tupu, zilizoandikwa kwa msimbo bila programu ya kuziendesha, ni nyepesi na ngumu kuvamia, lakini zinafaa pale tu palipo na mtu wa kuzigusa.

Cheti cha usalama kisiwe mjadala. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huandika kwamba tovuti isiyo na HTTPS, muunganisho uliosimbwa unaowezeshwa na cheti hicho, si salama, na shirika la Let's Encrypt limekuwa likitoa vyeti bure tangu 2015. Ukitozwa gharama ya pekee kwa cheti, uliza unalipia nini hasa. Muhimu zaidi ni kwamba kijihuishe chenyewe, maana kikiisha muda mgeni hukutana na onyo linalojaza skrini nzima.

Fomu inayokufa kimya

Hitilafu inayoumiza kuliko zote haionekani. Mteja anajaza fomu, anaona "Asante, tumepokea", na wewe hupati kitu. Sababu ya kawaida ni kwamba fomu imepangwa itume barua pepe kana kwamba imetoka kwa mteja mwenyewe. Seva inayopokea huangalia rekodi za SPF na DKIM na masharti ya DMARC ya domeni ya mteja, ambazo husema nani ana ruhusa ya kutuma kwa jina lake, inakuta seva ya tovuti yako haina ruhusa ya kutuma kwa jina hilo, na inaitupa kwenye barua taka au inaikataa kabisa. Dawa yake: mtumaji awe anwani ya domeni yako, anwani ya mteja iwekwe kwenye sehemu ya "jibu kwa", barua ipite kwenye huduma ya kutumia barua pepe (SMTP) inayothibitisha utambulisho, na kila ujumbe uhifadhiwe pia kwenye hifadhidata ya tovuti. Jitumie ujumbe wa majaribio kila mwezi.

Fomu yenyewe iwe na jina, namba ya simu na "unahitaji nini". Kila kisanduku cha ziada hupunguza wanaomaliza. Namba ya simu kwenye ukurasa iwe ya kubonyeza, ikiwa na msimbo wa nchi. Kiungo cha WhatsApp huandikwa wa.me/ kikifuatiwa na namba kamili ya kimataifa bila alama ya kujumlisha, bila nafasi, na bila ile sifuri ya mwanzo tunayoizoea. Sifuri ikibaki, kiungo hufunguka lakini hakimfikii mtu, na wengi hawagundui kwa sababu hawajawahi kukibonyeza wenyewe kwa simu ya mtu mwingine.

Kabla na baada ya kufungua

Mkataba na mtengenezaji uwe wa maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja: idadi ya kurasa, nani anaandika, mizunguko mingapi ya marekebisho (miwili inatosha), akaunti zote kwa jina la nani, mafunzo ya saa ngapi, na nini kitakabidhiwa. Kabla ya malipo ya mwisho, ingia wewe mwenyewe kwenye akaunti ya domeni, ya seva na ya tovuti, kwa kifaa chako.

Siku ya kufungua, jambo la kwanza ni kuhakikisha kile kisanduku cha kuzuia injini za utafutaji, kinachowashwa wakati wa ujenzi, kimezimwa. Kikisahaulika, tovuti nzuri inaweza kukaa miezi bila kutokea popote. Kama ulikuwa na tovuti ya zamani, kila anwani ya ukurasa wa zamani ielekezwe kwa 301, msimbo wa kuhama kwa kudumu, kwenye ukurasa mpya unaolingana nao, si zote kwenye mwanzo. Bonyeza kila kitufe kwa simu. Jina, anwani, namba na saa za kazi zilingane herufi kwa herufi na zilizo kwenye ramani za mtandaoni.

Nakala rudufu ziwe za kila wiki, na angalau moja ikae nje ya kampuni ya seva. Jaribu kuirejesha mara moja mahali pa majaribio; nakala isiyowahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Idadi ya wageni isikulevye. Hesabu simu, ujumbe na fomu, na muulize kila mteja mpya amekupata wapi. Tovuti isajili kwenye Google Search Console, zana ya bure inayoonyesha jinsi tovuti inavyotokea kwenye utafutaji, na baada ya miezi mitatu fungua orodha ya maneno ambayo watu waliyatafuta hadi ukaonekana. Tafuta yale ambayo ukurasa wako hutokea kati ya nafasi ya nane na ya ishirini: hapo tayari unahesabika kuwa jibu, ila halijatosha. Soma ukurasa huo na neno hilo mbele yako, uone ni swali gani mtu huyo angebaki nalo, kisha ongeza aya inayolijibu.